Jino Lililomezwa

Siku hizo sheria ilikuwa moja: ukitambua jino la mnyama aliyetoweka, maabara humfufua, nawe unamlea nyumbani kwako. Ndiyo maana kwa Mwanaidi hata chai ilinuka mkojo. Aina mbili za panya wa mitini, waliokufa kabla binadamu hajazaliwa, walilala kutwa ndani ya mto wa kulalia wa mumewe Shekue, na manyoya yao alikuwa akiyatema kila asubuhi.

Asubuhi moja Mwanaidi aliokota kijino kwenye udongo wa pango aliouleta nyumbani kuuchambua, akakisafisha kwa ulimi kama mafundi wenzake wa mifupa ya kale, akakiweka chini ya lenzi aliyopewa na maabara. Vituta vyake vilikuwa vigeni kabisa.

"Mama Rehani, usiniambie ni mwingine," Shekue alimwambia mkewe. "Akija wa tatu, mimi nahamia kwa dada yangu Pangani."

"Punje ya mchanga tu, baba."

Akalitia jino mdomoni, akalishushia chai ile ile.

Kikombe hakijaisha, hodi ikapigwa. Kijana wa maabara aliingia na glavu na ndoo.

"Shikamoo, mama. Lenzi imeshatutumia picha." Akavua viatu, akaketi, akamsogezea ndoo. "Hatuna haraka. Tutangoja litoke."