Hadi Kwenye Kiwiko

Mama mwenye shamba aling'oa karoti, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivunja na kumpa mpima udongo kipande kikubwa.

"Kula, mwanangu. Si wewe uliyesema udongo umepona?"

Mpima udongo alikipokea kwa mikono miwili. Bomba la dizeli lilipopasuka hapa, vilimwagwa vijidudu vinavyokula mafuta, na mwaka jana yeye ndiye aliyetumwa kupima kama vimefanya kazi. Sampuli huchukuliwa chini, mkono ukizama hadi kwenye kiwiko. Siku ile jua lilikuwa kali na ardhi ngumu kama jiwe. Alikwangua juu juu kwa kijiko, akajaza chupa zote sita, akaandika "kina: sentimita arobaini" kwa mwandiko wa kupendeza.

"Mbona huli? Au wasomi mna matumbo ya glasi?" Mama alicheka, akauma kipande chake.

Mpima udongo alitamani ardhi immeze, ardhi hii hii. Angeweza kusingizia tumbo. Badala yake aliomba jembe, akachimba pale pale ilipong'olewa karoti, kisha akapiga magoti na kutumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko.

"Unatafuta nini tena?" mama aliuliza, mdomo umejaa.

Aliutoa mkono. Kucha zilikuwa nyeusi, zinang'aa, na harufu ya kituo cha mafuta ikapanda katikati yao.

"Mwaka jana sikufika huku, mama."

Mama akaacha kutafuna.