Jina la Saba

Ukumbi ulijaa wanafunzi mia nne wa mwaka wa kwanza, na Dokta alikuwa akishuka ngazi akikusanya kazi za vikundi. Tunu aliandika majina kwenye karatasi ya jalada mbiombio, yote kwa ukamilifu: lake, la Shani na ya wenzao wanne. Kufika la saba, kalamu ikagoma.

Aliyebaki alikuwa Babu, kijana aliyekaa ubavuni pake. Walimbandika jina hilo siku ya kwanza kwa sababu ya koti lake pana la kizee, wakacheka, likamganda. Muhula mzima ikawa Babu tushikie viti, Babu hebu tufafanulie. Katika kurasa kumi na mbili za kazi ile, tisa aliziandika yeye. Jina lake halisi Tunu hakulijua. Aliwatazama wenzake, na kila aliyetazamwa akainama.

Tunu akajikaza kutabasamu, akamsogezea Babu karatasi.

"Andika mwenyewe, nisije nikakosea."

Kijana aliitazama ile nafasi tupu, kisha akamtazama yeye. Akaandika taratibu, kwa mwandiko mzuri, akamrudishia.

*Babu.*

Masikio ya Tunu yaliwaka moto. "Jamani, siyo hivyo..."

"Si ndilo mnalolijua?" alisema kwa upole, huku akifunga vifungo vya koti.

Dokta alishafika, mkono ameunyoosha. Tunu aliibana karatasi kifuani, na wino wa neno lile, ambao haujakauka, ukajichapa kwenye blauzi yake nyeupe.