Jino Lililokuwa Njiani

"Mana yanje! Mungu wangu, lile pale!"

Niyonsaba aliruka kutoka kwenye benchi kabla daktari hajakitoa kile kidude chenye waya kinywani mwa binti yake.

Alidhani picha ya eksirei ingesafishwa kwanza na kuanikwa, kama ile ya mguu wa mumewe. Kumbe kufumba na kufumbua imeshatokea kwenye kompyuta waliyokuja nayo Kasulu madaktari wageni: ndani ya taya, juu ya pengo, jino zima jeupe, ncha yake ikielekea chini.

"Hilo ni la ukubwani," daktari alisema. "Lile alilong'olewa uchangani lilikuwa jino lake la utoto tu, lililokuwa bado halijachomoza kwenye ufizi."

"Si la plastiki, yale ya kuleta homa?"

"Hakuna jino la plastiki, mama. Wala halileti homa."

Niyonsaba alikimbilia mlangoni. "Mama, njoo uone! Jino la mjukuu wako linakuja!"

Mama mkwe aliingia na kitoto kichanga cha Niyonsaba mgongoni, kimechemka kwa homa tangu walipotoka Kitanga. Jioni hiyo alipanga kuking'oa meno ya plastiki kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyomfanyia dada yake huyu mwenye pengo. Akainamia kompyuta, akalitazama jino mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

Binti alicheka, na safari hii hakuziba mdomo.

Bibi akafungua fundo la kitenge, akatoa spoki ya baiskeli iliyonolewa ya kung'olea meno, akaiweka mezani kwa daktari.

"Sasa huyu wa mgongoni," akauliza, "anaumwa nini?"