Uzi Mweupe Ndani ya Neli

"Mzee, hebu mpe huyo binti neli yako aishike yeye," mwalimu wa maabara aliniambia, mpiga picha akiwa ameshainua kamera. "Wageni wa chuo wanataka kuona vijana kwenye picha."

Ndiyo kwanza nilikuwa nimemimina spiriti baridi juu ya mate yangu mwenyewe, niliyoyachanganya na chumvi na sabuni. Ndani ya neli, kile kibomba cha kioo, ulikuwa unapanda uzi mweupe, mwembamba, ukijizungusha polepole. Vinasaba vyangu hivyo. Nimehama miji mingi, nimesoma kwa kudonoadonoa, darasa moja huku, jingine kule, na sikuwahi kujiona kwa karibu namna ile. Darasa zima, neli yangu peke yake ndiyo iliyotoa kitu.

"Mwalimu, haya ni mate yangu," nikasema.

"Mate ni mate, babu. Ni picha tu, mbona unakuwa mgumu? Au hutaki alama za vitendo?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Damu ikanichemka hadi masikioni. Ada nalipa kama wao, koti jeupe nimevaa kama wao, leo hata mate yangu apewe mtu mwingine!

Binti hakucheka. "Yangu imeharibika, babu," alininong'oneza, macho chini, mkono ameshaunyoosha.

"Sogea kidogo, mzee," mpiga picha akasema. "Unaziba mwanga."

Nikainua neli hadi usawa wa shavu langu, nikakikazia macho kioo cha kamera yake.

"Piga," nikamwambia.