Utepe Haukugeuka Mweusi

Kwa jioni ya sita mfululizo, Sharifah aliinua ncha ya bendeji kwenye paja la Fadhul na kuchungulia. Kidonda kikavu. Hakuna usaha. Akairudisha taratibu, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu mlangoni.

"Iko sawa?" Fadhul aliuliza.

"Iko sawa, kaka. Wewe kula." Akamsogezea sahani ya enyasa, ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki, bado wa moto.

Fadhul alikuwa dereva wa lori, Arua mpaka Oraba. Lori lilipopinduka paja likavunjika, na hapa Koboko daktari akamtia chuma ndani ya mfupa. Ndugu hana karibu. Basi kila aliyepita wodini aliambiwa: "Muone Sharifah, ananitunza kama dada yangu wa tumbo moja." Laiti angejua! Sharifah hakuwa dada wala nesi. Yeye ndiye aliyetayarisha vifaa vya kumpasulia, na roho ilikuwa inamsuta mchana na usiku.

Siku ile umeme ulikatika asubuhi nzima. Mashine ya mvuke ya kuua vijidudu ilipowaka, zilikuwa zimebaki dakika kumi vifaa viive, na kutoka chumba cha upasuaji wakapaza sauti: "Sharifah, lete!" Akafungua haraka haraka, kifuniko kikamuunguza kidole, akaukabidhi mkebe wa vifaa mlangoni. Ndipo akakumbuka alichokiona. Kwenye mkebe kuna utepe wenye mistari. Joto likitosha, mistari hugeuka myeusi. Ile ilikuwa imepauka.

Angeweza kurudi akaseme. Hakurudi. Alikwenda kutafuta maji baridi ya kidole, mwoga yule.

Kidole chenyewe kiligoma kupona. Kilivimba, kikawa kinatoa majimaji, akakifunga kitambaa na kujiambia ni haki yake, acha kiniume.

Jioni ya tisa alichungulia tena, akaona usaha. Usiku huohuo Fadhul alitetemeka kwa homa mpaka kitanda kikalia.

Daktari Yakani alichukua nyama kidogo ya kidonda, akaituma maabara Arua. "Bakteria wakishika chuma, wanajijengea utando juu yake, dawa haiwafikii," alimwambia Fadhul bila kumficha. "Tukijua ni akina nani, tutajua cha kuwapiga nacho. Dawa ikishindwa, chuma kinatoka. Na mguu unaweza kukifuata."

"Sasa nitakanyaga breki na nini, Daktari?"

Sharifah alitoka nje, akalia nyuma ya tangi la maji.

Majibu yalichukua siku tano. Daktari aliingia wodini na karatasi mkononi, pamoja na Sista Prossy, msimamizi wa chumba cha upasuaji. Kabla hawajafungua kinywa, Sharifah alipiga magoti.

"Daktari, ni mimi. Vifaa havikuiva. Niliona utepe, nikanyamaza. Mguu wa mutu huyu iko juu yangu."

Sista Prossy alimtazama, akapiga viganja kwa mshangao. "Mkebe ule? We Sharifah, unadhani mimi sina macho? Niliuona palepale mlangoni, nikauweka kando. Tulitumia wa akiba, na mistari yake ilikuwa myeusi tii. Hata mkasi mmoja wako haukumgusa!"

Sharifah alicheka na kulia kwa pamoja. Alhamdulillahi! Alijisikia mwepesi, akataka kumkumbatia kila mtu wodini. Hata Fadhul, na homa yake, alicheka. "Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa inakukondesha, dada?"

Daktari hakucheka. Bado alikuwa anasoma karatasi.

"Basi bakteria hawa hawakuingia siku ya upasuaji," alisema polepole. "Hawa ni wale wa ngozi, wa majipu na vidonda vya mikononi. Wameletwa baadaye. Fadhul, nani alikuwa anafungua bendeji yako?"

"Hakuna mutu, Daktari," Fadhul alisema, akaushika kwa shukrani mkono wa Sharifah wenye kitambaa. "Ni huyu dada tu. Kila jioni, bila kukosa."