Kipande cha Doti

Darasa la Bi Nargisi la kushona vitabu huanza kwa kufumua. Kila mwanafunzi huja na kitabu asichokitaka, humpa mwenzake wa jirani, na huyo hukata nyuzi ili aone kilivyoshonwa.

Jumamosi hiyo Mwanakombo alikuwa amemleta shoga yake, Sauda, naye ajifunze. Sauda akamsukumia kitabu kidogo chenye jalada la kanga.

"Kilikuwa chini ya mguu wa kabati, lisiyumbe," alisema. "Hata sikumbuki nilikitoa wapi."

Mwanakombo alipapasa jalada. Mguu wa kabati ulikuwa umeacha alama katikati ya ua. Kanga hiyo waliinunua wote wawili, doti moja, wakagawana kila mmoja kipande chake. Chake yeye alikikata akakivalisha kitabu cha kwanza alichowahi kushona, akampa Sauda siku ya harusi yake. Sauda alilia, akakibusu mbele za watu.

Alikifungua. Kurasa zote zilikuwa tupu.

Bi Nargisi alichungulia begani kwake. "Aliyeshona hiki alikuwa bado anajifunza. Ona, fundo limekaa nje."

"Naliona, Bi."

Sauda alivuta kiti, akainama kwa hamu ya mwanafunzi mgeni. "Kata polepole basi, shoga. Nataka kuona alivyolifunga."

Mwanakombo aliingiza wembe chini ya uzi wa kwanza, akauacha hapo.