Siku Walikale Ilipopata Reli

Siku ile mjinga alikuwa Katembo. Yeye mwenyewe hulisema hilo mapema, kabla mke wake hajalisema kwa sauti kubwa zaidi.

Lori lake lilisimama mbele ya kamba ya bariere, kizuizi cha wenye bunduki, kwenye barabara ya kutoka Mweso kwenda Kitshanga, turubai limefungwa vizuri kabisa juu ya hewa tupu. Maharage yalikuwa yameshushwa kwenye kona ya chini, kabla ya bariere. Adrienne, mke wake, aliyachukua pamoja na wanawake wabebaji, mikanda kwenye paji la uso, magunia mgongoni, wakashika njia ya miguu inayozunguka nyuma ya kilima. Ng'ambo ya bariere, kwenye kona ya juu, wangekutana, mzigo ungerudi ndani ya lori, na safari ingeendelea kana kwamba nchi haina vita.

Pale kwenye kamba walikata nusu ya kila mzigo. Nusu hiyo waliiita mchango wa usalama. Usalama wenyewe hakuna aliyewahi kuuona, ila mchango kila mtu aliufahamu. Safari iliyopita nusu ilikwenda, na duka la Katembo huko Kitshanga likabaki na chumvi na viberiti. Nusu nyingine ikienda, angefunga mlango na kuwa mfanyabiashara wa kusimulia.

Hatari ilikuwa moja tu. Komanda Jean-Claude, mkubwa wa bariere, akichoka kukaa alipenda kunyoosha miguu nyuma ya kilima. Ilibidi akae.

Na Mungu wa wachuuzi hakulala. Juu ya meza ya Komanda palikuwa na sanduku la mchezo, lililoanguka kutoka gari la shirika fulani la misaada, kama vitu vingi vilivyokuwa na tabia ya kuanguka mbele ya watu wenye bunduki. Ndani mlikuwa na ramani, vipande vya reli, mabehewa madogo ya mbao, na mizigo yake: makaa, mbao, ng'ombe. Unajenga reli kutoka mji hadi mji, unafikisha mizigo, unashinda.

"Papa Katembo, hii kitu unaijua?"

"Komanda! Mimi nilisomea kwa mafrère wa misheni kule Butembo. Nilikuwa nawapiga na hii mpaka wanasahau sala ya jioni."

Miji ya kwenye ramani ilikuwa ya Ulaya, majina ya kuvunja meno, kwa hiyo waliibatiza upya. Mweso ikapata stesheni. Masisi ikapata daraja la chuma. Walikale ikapata reli kabla ya kupata barabara.

Komanda alicheza vibaya kwa moyo wote. Reli yake ilizunguka mlima na kurudi ilikotoka.

"Na hapa, nani anasimamisha treni?" aliuliza.

"Hakuna, Komanda. Inapita tu."

"Inapita tu? Hata mutu wa kamba hakuna?"

"Hata mmoja."

Komanda alitikisa kichwa kwa huruma. "Inchi maskini."

Katembo alicheka mpaka akajifuta macho, na alipokuwa akijifuta akachungulia barabara. Kwenye kamba alikuwa amebaki askari mmoja tu, naye anasinzia.

"Vijana wako wamekwenda wapi leo?"

"Kuteka maji."

"Wote?"

"Wako na kiu."

Kama si heshima, Katembo angecheza rumba pale pale. Alimwachia Komanda njia ya Walikale ili anogewe. Alimwachia na ng'ombe wa Masisi. Hata hivyo mchezo uliisha, Komanda akiwa mshindi, na barabara ya juu ilikuwa bado tupu. Katembo alianza kutafuta kisingizio cha kubaki.

"Turudie," Komanda akasema. "Ile ya kubeba makaa sijaishika vizuri."

Katembo aliwashukuru watakatifu wote, hata wale asiowajua. Akaeleza tena, polepole, kama katekista mbele ya darasa la ubatizo. Komanda akauliza tena. Katembo akaeleza tena. Moyoni alikuwa tayari yuko Kitshanga, amezungukwa na wachuuzi wenzake, akiwasimulia jinsi alivyomfunga mwanaume mwenye bunduki kwa vijiti vya mbao.

Ndipo Adrienne akatokea kwenye kona ya juu. Mkanda wa kubebea ulikuwa umening'inia shingoni, na mwisho wa mkanda hapakuwa na kitu. Hakumsalimia Komanda.

"Wameweka kamba ingine kule nyuma," alimwambia mumewe. "Vijana wake. Walikuwa wanatungojea wamekaa, wanakula mihindi. Wamekata nusu, kisha wakakata tena, eti amende, faini ya kujificha. Yenye imebaki inaenea sufuria moja tu, Papa. Duka haienei."

Katembo aliinuka kwa nguvu mpaka stesheni ya Mweso ikaanguka chini. Alisahau kwamba, machoni pa Komanda, alikuja na lori tupu. Alisahau kwamba hakuwa na maharage.

"Komanda, hapana! Hii haiko haki hata kidogo! Mimi nimekukalisha hapa tangu asubuhi! Nimekupa Walikale, nimekupa ng'ombe, makaa nimekufundisha kama mutoto wa shule ya primaire, koo yangu imekauka, na bado munatukamata?"

Komanda Jean-Claude hakuinua sauti. Aliokota stesheni, akaipuliza vumbi, akairudisha ndani ya sanduku pamoja na mabehewa, kila kimoja mahali pake.

"Kwani, Papa Katembo," alisema, "ulizani ni wewe peke yako ulikuwa kazini?"